Athari, matokeo au madhara: neno lipi litumike wapi?

"Athari" ni miongoni mwa maneno yanayosikika sana katika taarifa za habari za Kiswahili: athari za ukame, athari za vita, athari za kupanda kwa bei. Hata hivyo, mara nyingi neno hilo huwekwa pahala pa "matokeo" au "madhara", kana kwamba yote matatu ni mamoja. Sivyo. Kila moja lina mpaka wake, na mwandishi anayeyachanganya aweza kumbebesha mtu lawama isiyo yake, au kuifunika hasara iliyomfika mwingine.

Asili ya neno

Athari limetokana na neno la Kiarabu "athar", lenye maana ya alama au unyayo, yaani kile kinachobaki mchangani baada ya mpita njia kwenda zake. Maana hiyo ya asili ingali inaishi katika Kiswahili. Athari ni alama ambayo jambo moja huiacha juu ya jambo jingine. Aliyeiacha huenda hayupo tena, lakini alama ipo. Kwa sababu hiyo neno hili hufaa zaidi pale tunapotaka kueleza tukio ambalo mkondo wake umefika mbali, ama kwa mahali, ama kwa wakati.

Matokeo ni lile linalotoka moja kwa moja katika tendo, na aghalabu huwa na kikomo: matokeo ya mtihani, matokeo ya mechi, matokeo ya uchunguzi. Madhara ni hasara, ubaya au maumivu peke yake. Hayawezi kuwa mema. Athari huweza kuwa njema au mbaya.

Mfano wa Kenya

Tofauti hiyo huonekana waziwazi tukiyatazama yaliyojiri nchini Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007, Tume ya Uchaguzi ilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika siku tatu kabla. Hapo "matokeo" ndilo neno lake, kwani ni idadi ya kura iliyotokana na kupiga kura na kuzihesabu.

Ghasia zilizozuka ziliua watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Hayo ni madhara. Kuyaita "matokeo" tu ni kuyapunguzia uzito.

Lakini mkasa huo haukukomea ndani ya mipaka ya Kenya. Barabara zilizibwa na reli iking'olewa katika mtaa wa Kibera, Nairobi, njia ya kutoka bandari ya Mombasa kwenda bara ikakatika. Mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda, ambazo hutegemea njia hiyo. Dereva wa Kampala hakupiga kura Kenya wala hakurusha jiwe, lakini alilipa zaidi kwa petroli. Hiyo ndiyo athari. Wahenga waliliona hilo zamani waliposema: mchuma janga hula na wa kwao.

Athari nyingine zilikuja baadaye. Mapatano ya kugawana madaraka yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan, na katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Mabadiliko ya katiba ni athari ya msukosuko ule, wala hakuna atakayeyaita madhara yake.

Kwa hiyo sentensi fasaha ingeweza kuwa hivi: "Matokeo ya uchaguzi yalizusha ghasia, ghasia zikaleta madhara makubwa kwa raia, na athari zake zikafika hadi nchi jirani."

Neno katika sentensi

Athari ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Husemwa "athari hii imeonekana" na "athari hizi zimeonekana". Baadhi ya watu husema "maathari", jambo ambalo halina msingi, kwa kuwa neno halibadiliki katika wingi.

Chanzo huunganishwa kwa "ya" au "za", na anayefikwa huunganishwa kwa "kwa" au "katika": "athari za ukame kwa wafugaji", "athari ya Kiarabu katika Kiswahili". Mfano huu wa pili unaonyesha kwamba athari si lazima iwe mbaya. Katika maana hii ya ushawishi, wapo wanaopendelea neno "taathira", hasa katika maandishi ya dini, historia na fasihi.

Kitenzi chake, kuathiri, hupokea yambwa moja kwa moja: "Ukame umeathiri mazao", wala si "umeathiri kwa mazao". Anayetaka kumtaja mtenda hutumia kauli ya kutendwa: "Mazao yameathiriwa na ukame." Anayetaka kueleza hali tu husema: "Mazao yameathirika."

Waathiriwa au waathirika?

Vyombo vya habari vya Kenya huandika "waathiriwa wa mafuriko", ilhali vya Tanzania huandika "waathirika". Yote mawili yamekita mizizi, na msomaji wa upande wowote huelewa. Hata hivyo, panapokuwa na mtu aliyetenda uovu, "waathiriwa" lina nguvu zaidi, kwani huashiria kuwa yupo aliyewatenda.

Jina laweza pia kuumiza. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika "waathirika wa UKIMWI". Siku hizi husemwa "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI", au kwa kifupi WAVIU nchini Tanzania, kwani jina hilo humtanguliza mtu na maisha yake, na maradhi yakafuata nyuma.

Matamshi

Kosa jingine ni la matamshi. Kuathiri si kuadhiri. Kuadhiri ni kumfedhehesha mtu mbele za watu. Mtangazaji anayesema "serikali imewaadhiri wakulima" ametoa tuhuma nzito pasipo kukusudia. Vilevile, anayetamka "th" kama "s" husema "asari", na akiwa pia hatofautishi "r" na "l", athari za vita zitageuka kuwa asali. Wazazi wanaolea watoto Ulaya, Marekani au Ghuba wana sababu ya kusisitiza sauti hizi mapema. Kiingereza kina sauti zote mbili, "th" na "dh", na Kiarabu pia kinazo, hivyo mtoto ana pa kuzifananishia.

La kuzingatia

Athari isiyotajwa chanzo chake, mfikwa wake wala namna yake haimwambii msomaji kitu. "Mgomo wa madaktari una athari" ni maneno matupu. "Mgomo wa madaktari umekuwa na athari mbaya kwa wajawazito wa vijijini" ni habari, na msomaji wake anajua ni nani anayehitaji msaada.