Ojwang Asiye na Mrithi: Mwigizaji, Mhusika na Hadhira ya Nakuru katika Vichekesho vya Televisheni

Benson Wanjau alipofariki jijini Nairobi mwezi wa Julai 2015, wapo watazamaji waliolazimika kusoma tangazo la kifo chake mara mbili. Kwa takriban miaka thelathini walikuwa wamemjua kama Ojwang, mzee wa Kijaluo wa kipindi cha Vitimbi, mume wa Mama Kayai, mwenye lafudhi nzito ya ziwani na hasira za haraka zisizomdhuru mtu. Jina lililotangazwa lilikuwa la Mkikuyu. Mshangao huo ulikuwa na uzito wa pekee mjini Nakuru na katika mashamba yanayouzunguka mji huo, mahali ambapo jina la mtu huulizwa mapema na jibu lake limewahi kuwa suala la uhai na kifo.

Swali la kihistoria linaloibuliwa na kifo hicho limepuuzwa na wahakiki, pengine kwa sababu vichekesho vya televisheni havihesabiwi miongoni mwa fani zinazostahili kuhakikiwa. Je, kwa nini Ojwang hakupata mrithi? Fasihi simulizi imezoea kuachwa na fanani wake. Anayesimulia visa vya Abunuwasi hufa, visa vikaendelea kinywani mwa mwingine. Sungura amewazika wasimulizi wasiohesabika na bado ni mjanja yule yule. Hadhira haimwulizi fanani mpya kwa nini sauti yake si ya marehemu. Iwapo Vitimbi ni mtoto wa fasihi simulizi, kama ielekeavyo kuwa, ingetazamiwa kwamba mwigizaji mwingine angeweza kuvaa koti la Ojwang, akashika bakora yake na kuendelea. Jambo hilo halikutokea.

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kukumbuka jinsi kichekesho hicho kilivyoifikia hadhira yake. Televisheni ilianza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka 1962, na mwaka 1964 serikali ikaitwaa na kuiweka chini ya Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 lilirudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Vitimbi kilizuka katikati ya kipindi hicho, mwaka 1985, wakati ambapo mtazamaji hakuwa na kituo cha pili cha kuchagua. Hata kilipoanzishwa kituo cha KTN mwaka 1990, kilianza kama jambo la Nairobi. Kwa mkazi wa Njoro, Molo, Subukia au Rongai, kutazama televisheni kulimaanisha kutazama KBC, na mara nyingi kutazama KBC kulimaanisha kwenda kwa jirani. Seti ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kutiwa moto. Betri ilipokaribia kuisha picha ilianza kujikunja pembeni, na wenye nyumba walijua ni kipindi gani kiachwe ili kingine kipate kuonekana. Vichekesho vya Kiswahili havikuwa vya kuachwa.

Jirani huyo alikuwa nani? Nakuru ni mji uliozaliwa na reli mwanzoni mwa karne ya ishirini na kunyonyeshwa na mashamba ya walowezi. Reli ilileta vibarua kutoka Nyanza na magharibi. Mashamba yalileta maskwota Wakikuyu. Wakalenjin na Wamaasai walikuwako kabla ya wote hao. Wakisii, Wahindi na wengine wakaja kwa njia zao. Katika mitaa kama Bondeni, Kivumbini, Rhonda na Kaptembwo, ukuta mmoja ulitenganisha lugha mbili. Kwa hiyo, lafudhi iliyochekwa kwenye televisheni ilikuwa pia lafudhi ya mtu aliyeketi kwenye kochi lile lile. Hilo ni tofauti kubwa baina ya hadhira ya Nakuru na hadhira ya mahali penye kabila moja. Hapa kicheko kilitolewa mbele ya mhusika mwenyewe, naye aliweza kukikubali au kukikataa papo hapo.

Wahusika wa vipindi hivi walijengwa kama vinyago. Chukua mfano wa Masanduku arap Simiti, mmoja wa wale waliosimama kizimbani katika Vioja Mahakamani. Neno "arap" katika lugha za Kikalenjin lina maana ya "mwana wa", na ni neno la heshima analopewa mwanamume mzima. Baina ya masanduku na simiti likageuka kichekesho cha Kiswahili: mwana wa simiti, aliyeitwa masanduku. Jina lenyewe lilimwambia mtazamaji kwamba huyu si Mkalenjin wa kweli ila ni Mkalenjin wa mchezo. Kwa njia hiyo hiyo, Ojwang hakuwa Mjaluo. Alikuwa wazo la Mjaluo, lililochongwa na Mkikuyu na kupokewa na Wajaluo wenyewe kama jambo la kuchekesha lisilo na uchungu. Wanjau mwenyewe, kwa maana hiyo, alikuwa mbadala tangu mwanzo. Hadhira ilikuwa imekwisha kukubali kwamba mtu asiye Ojwang anaweza kuwa Ojwang.

Kinyago kwa kawaida huhama. Katika tamthilia ya vinyago ya Italia, Arlecchino alivaliwa na waigizaji wengi kwa zaidi ya karne mbili, na watazamaji walienda kumwona Arlecchino kabla ya kumwona fulani. Tofauti ni kwamba kinyago cha Arlecchino kilikuwa ngozi iliyoweza kuvuliwa na kutundikwa ukutani. Kinyago cha Ojwang kilikuwa koo, mabega, na namna ya kunyamaza kabla ya kufoka.

Vichekesho hivyo, aidha, viliegemea sana ubunifu wa papo hapo. Waigizaji walijua kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Yaliyo katikati yalizaliwa mbele ya kamera. Basi matini ya Vitimbi ilihifadhiwa wapi? Matini ya hadithi ya Sungura huhifadhiwa na jamii nzima. Mtoto wa miaka saba anaweza kumsahihisha bibi yake. Matini ya mchezo wa kuigiza ulioandikwa huhifadhiwa kwenye karatasi. Matini ya Ojwang haikuwa kwenye karatasi wala haikuwa kwa jamii, kwani jamii iliweza kumwiga Ojwang kwa sentensi mbili tu, kisha ikaishiwa. Ilikuwa ndani ya Benson Wanjau. Kumwondoa yeye kulikuwa sawa na kuchoma mswada wa pekee.

Vioja Mahakamani kinatoa ushahidi wa upande wa pili. Kipindi hicho cha KBC kimepoteza waigizaji mara kadhaa bila kupoteza umbo lake. Siri yake ni mahakama. Kizimba, hakimu, kiongozi wa mashtaka na karani ndio mhusika mkuu; washtakiwa ni wageni. Mshtakiwa aliyezoeleka akitoweka, hadhira husikitika, lakini wiki ifuatayo kuna kesi nyingine ya kuku aliyeibwa. Nyumba ya Ojwang na Mama Kayai haikuwa na kizimba cha kuitegemeza. Ilisimama juu ya watu wawili. Alipoondoka mmoja, Mary Khavere akabaki kuwa Mama Kayai wa mume asiyeonekana.

Linganisha na Marekani. Katika kipindi cha Bewitched, Dick York alipoacha nafasi ya Darrin mwaka 1969, Dick Sargent aliingia kana kwamba hakuna kilichotokea, na kipindi kikaendelea hadi 1972. Mwaka 1993 Daphne Maxwell Reid alichukua nafasi ya Janet Hubert kama shangazi Vivian katika The Fresh Prince of Bel-Air. Watazamaji walinung'unika, na wapo wanaonung'unika hadi leo, lakini kipindi kiliishi hadi 1996. Manung'uniko hayo hayakuua kipindi kwa sababu kikundi cha waandishi kilibaki mezani, na maneno ya shangazi yaliendelea kuandikwa na wale wale walioyaandika jana. Isitoshe, aliyeondoka katika kila kipindi hakuwa nguzo kuu. Ni rahisi kumbadilisha mume wa mchawi kuliko kumbadilisha mchawi.

Tanzania nayo ilitoa kisa chenye mafunzo mwishoni mwa miaka ya 2000. Kikundi cha wachekeshaji kilichojulikana kwa jina la Ze Comedy kilipohama kituo cha EATV na kwenda kwenye televisheni ya taifa, jina halikuhama nacho. Wachekeshaji wakajiita Ze Orijino Komedi. Tahajia hiyo ya neno "orijino" ni ya kuchekesha, ila ndani yake mna dai zito la haki: asili iko kwa watu, si kwa jina. Hadhira iliulizwa iamue lipi ni Ze Comedy, jina au sura, nayo ikawafuata akina Joti na Masanja.

Dai kama hilo halikutolewa na waigizaji wa Vitimbi, na hapa historia inaacha kuchekesha. Matini ilikuwa ndani ya mtu, lakini jina na kipindi vilikuwa mali ya shirika. Macho ya Wanjau yalipodhoofika uzeeni, matibabu yake yaligharimiwa kwa harambee ya watazamaji. Wengi waliusifu ukarimu huo, na ulistahili kusifiwa. Lakini harambee ni kukiri. Watazamaji walikuwa wakilipa, kwa kuchelewa na kwa hiari, deni ambalo hakuna mkataba ulioliandika. Walijua, bila kufundishwa na mwanasheria yeyote, kwamba Ojwang alikuwa wa mtu fulani na kwamba mtu huyo hakunufaika naye ipasavyo.

Kwa hadhira ya Bonde la Ufa, kulikuwa na sababu nyingine ya kutotamani Ojwang wa pili. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yaliteketeza vijiji vya Molo na Olenguruone. Katika wiki za mwisho za Januari 2008 moto ulifika Nakuru mjini na Naivasha. Katika nyakati hizo lafudhi haikuwa mchezo. Namna mtu alivyotamka neno moja iliweza kumtenga na barabara ya kurudi nyumbani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, katika kifungu cha 13 kinachohusu matamshi ya chuki, haikuishia kwenye hotuba. Ilitaja hata uigizaji wa mchezo mbele ya umma. Mbunge aliyeinua mkono kuipitisha huenda hakuwa akiwaza vichekesho, lakini tangu hapo kila anayeazima ulimi wa jirani anafanya hivyo chini ya kivuli cha sheria. Wanjau aliuazima ulimi huo mwaka 1985, na muda ukamhalalisha. Mrithi wake angelazimika kuuomba upya, mbele ya watu waliokwisha kuona lafudhi ikitumiwa kuwachuja majirani. Si dhahiri kwamba angepewa.

Papa Shirandula inaonekana kuitia ila hoja ya matini. Kipindi hicho cha Citizen kilianza mwaka 2007. Kisa chake kikuu ni cha mlinzi wa usiku anayemficha mke wake Wilbroda kazi anayoifanya, mke akiamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Charles Bukeko, aliyetoka Busia, aliigiza Mluhya akiwa Mluhya, kwa hiyo suala la kuazima ulimi halikuwapo kwake. Mwenzake Kazungu Matano, mtu wa pwani, ndiye aliyeazima lafudhi ya Kijaluo kama Otoyo. Hata hivyo Bukeko alipofariki tarehe 18 Julai 2020, hakuna aliyevaa sare yake. Kipindi kilikoma. Hali ya kisa ilikuwapo, waigizaji wengine walikuwapo, tena baadhi yao walikuwa wamekwisha kuondoka na wengine kuingia pasipo kipindi kuanguka. Kilichokosekana ni ridhaa ya hadhira.

Yamkini maelezo yake yamo katika desturi za hadhira yenyewe. Jamii za eneo hili zina njia zao za kuyarudisha majina ya wafu. Wakikuyu humpa mtoto jina la babu au bibi. Wajaluo humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki. Wakalenjin humwita mhenga kwa jina la kurenet mtoto anapozaliwa. Katika zote tatu jina linarudi kwa mtu mpya, mwenye sura yake na maisha yake ya kuanza. Hakuna hata moja inayomruhusu mtu mzima kuingia katika nyumba ya marehemu, kuketi kwenye kiti chake na kuitikia jina lake mbele ya mjane. Mtazamaji wa Nakuru aliyekubali bila taabu kwamba Mkikuyu ni Mjaluo asingeweza kukubali hilo, na kukataa kwake kusichukuliwe kuwa uhafidhina wa watu wasiojua sanaa.

Baada ya mazishi ya Bukeko, vipindi vya zamani viliendelea kutazamwa. Mlinzi yule alivaa tena sare yake jioni, akaivua kabla ya kufika nyumbani, na Wilbroda, ambaye kila aliyekuwa sebuleni alijua sasa ni mjane wa mchezo, akamwuliza ofisini kulikuwaje leo.