Miguu ya Mbele: Historia Fupi ya Gari la Kujiundia

Kila baada ya miezi michache video fulani huzunguka kwenye simu zetu: kijana amejiundia gari nyuma ya nyumba. Bodi ya mabati, injini ya pikipiki, watoto wanalikimbilia kwa shangwe. Tunalaiki, tunaandika "serikali imsaidie huyu", halafu tunasahau. Swali moja haliulizwi kabisa kwenye komenti: matairi ya mbele yameshikwa na nini?

Si swali la mashabiki wa magari peke yao. Injini inanunuliwa. Taa, viti, gia na usukani, vyote utavipata kwa wauza vipuri. Lakini miguu ya mbele, yaani mikono, springi, shoki na tairodi, inabeba uzito, inageuka, inapanda na kushuka, yote kwa wakati mmoja. Lazima ipatane na uzito wa gari lako na barabara yako. Hapo ndipo mwenye kuunganisha hutengana na mwenye kuunda. Na Kisumu ni mji mzuri wa kusimulia tofauti hiyo, kwa sababu mji wenyewe ulianza kwa kuunganisha.

Meli ya vipande

Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskoti katika miaka ya 1890, ikafunguliwa na kuletwa Mombasa vipande vipande. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, kwa hiyo wapagazi walibeba vyuma hivyo bara. Iliunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe iliingia Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Baadaye zikaja Winifred na Sybil, nazo kwa vipande. Watu walijifunza kukaza riveti, lakini michoro ilikuwa ya wengine.

Wala si kwamba chuma kilikuwa kigeni huku. Kwenye vilima vya Samia, wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma muda mrefu kabla ya reli. Majembe yao yalisafiri pande nyingi za ziwa, yakalimia mashamba na kulipia mahari. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya ndilo lililowanyima soko.

Kisha malori yakaja, na yalipochakaa yakaacha urithi wa ajabu: springi za bamba. Chuma chake kina kaboni ya kutosha kupinda na kurudi, na kwa sababu hiyohiyo kinashika makali. Ndiyo maana panga na visu vingi vya wahunzi wa jua kali vilikuwa springi ya lori maisha yaliyopita. Mhunzi aliyezoea kukipasha na kukizimisha anajua jambo ambalo wengi wenye mashine ya kuchomelea hulipuuza: ukiichomelea springi, pale palipopata moto panakuwa dhaifu kama biskuti. Hubanwa kwa boliti za umbo la U. Haichomelewi, period.

Barabara ndiyo mwalimu

Miaka ya 1970 Kenya ilipata viwanda vya kuunganisha magari: Leyland Thika, AVA Mombasa, General Motors Nairobi. Gari lilifika kwenye makasha, likafungwa, likapewa namba. Kazi ikapatikana, ujuzi pia. Hata hivyo mpango ulikuwa uleule wa William Mackinnon: vipande na michoro kutoka ng'ambo.

Lakini barabara haikusoma michoro hiyo. Teremka kutoka Kericho hadi Ahero, halafu uache lami uingie Kano. Udongo wake mweusi hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hapo ndipo springi ya kiwandani hufanyiwa mtihani.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi pamoja na kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imekimbizwa mashindanoni mwaka uliotangulia. Gari kuukuu, mikono inayojua kinachovunjika. Peugeot nayo ilijipatia jina hapa: 404 ilishinda 1963, kisha 1966 hadi 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Waulize wazazi wako kuhusu Peugeot zilizowaleta Kisumu kutoka Nairobi, wamebanana ndani kama omena. Gari lililosifiwa kwa miguu yake ndilo lililoaminiwa na abiria.

Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Prototaipu tano zilipatikana, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa Kasarani. Haikufika sokoni. Shirika lililoundwa kuitengeneza lilikuja kuwa Numerical Machining Complex. Ni rahisi kuicheka, lakini safari hii, tofauti na meli na makasha, swali la kwanza lilikuwa "tuchore nini?" Hilo si jambo dogo.

Hesabu iliyo kwenye chaki

Turudi kwa anayejiundia gari. Anza na baiskeli ya boda pale Kondele. Uma wake wa mbele haukusimama wima. Juu umelalia upande wa mwendeshaji. Mwinamo huo ndio unaolirudisha tairi kwenye mstari, hata jamaa akiachilia usukani ahesabu chenji. Gari linataka mwinamo wa aina hiyo. Ukiusahau, utapigana na usukani safari nzima.

La pili ni gumu zaidi. Tairi likipanda tuta, mkono unaolibeba huchora tao. Tairodi nayo huchora tao lake. Matao hayo yasipopatana, tuta lenyewe litakata kona bila ruhusa yako. Kwa mwendo wa kilomita 20 ni kero. Kwa 80, ni msiba.

La tatu ni uzito. Springi ya pikapu ukiifunga kwenye kigari chepesi haibonyei. Gari litadunda kama mpira na tairi litaachana na ardhi. Fundi mjanja hupunguza bamba moja, anapima, anapunguza jingine. Wenye malori hufanya kinyume: wanaongeza bamba wabebe zaidi. Na kama huna uhakika, chukua miguu ya mbele nzima kutoka gari moja, usichanganye mkono wa hili na tairodi ya lile.

Ujuzi huu upo mjini, kwa mafundi wa jua kali, na nchi ilikawia kuutambua. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ndiyo iliyoifanya dunia iitazame sekta isiyo rasmi ya Kenya. Mwaka 1985 Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, vibanda vikafuata. Mwaka 1992 ikaja sera rasmi. Sera zilizungumzia mikopo, mafunzo na paa. Vipimo vya fundi mwenyewe vilibaki kichwani mwake.

Hapo ndipo hasara yetu ilipo. Fundi huchora tao la mkono kwa chaki kwenye sakafu, kwa ukubwa wake halisi, anafunga gari, kisha anafagia. Akifa, au kibanda kikibomolewa, kijana anayefuata anaanza upya, na anajifunza kwa kuvunja, pengine kwa kuvunjika. Samia ilipoteza tanuri zake, na sehemu kubwa ya maarifa yake ikaenda nazo. Sisi tuna simu mfukoni. Piga picha ile chaki kabla haijafagiwa, andika urefu, pembe na idadi ya bamba, mpe fundi jina lake chini ya mchoro kama anavyopewa mwandishi, akikubali. Gari la pili litaanzia pale la kwanza lilipoishia.