Maneno Ndani ya Bilauri: Historia ya Sharubati ya Matunda katika Pwani ya Waswahili



1. Utangulizi

Mada niliyoichagua yaweza kuonekana nyepesi mno kwa ukumbi wa namna hii. Tumezoea mihadhara ya taaluma za Kiswahili ianzie kwenye utenzi, kamusi au isimu ya lahaja. Leo naomba tuanzie jikoni, adhuhuri ya mwezi wa Februari, mbele ya sinia lenye maembe, nanasi, pasheni na ndimu, na kando yake sukari na barafu. Nitazungumzia sharubati ya matunda, kinywaji tunachokitengeneza nyumbani ili kujipoza wakati wa joto.

Nina sababu ya kufanya hivyo. Kwa muda mrefu kumekuwako hoja kwamba, kwa kuwa majina mengi ya vitu vya Waswahili yana asili ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi au Kireno, basi vitu vyenyewe, na hatimaye utamaduni wenyewe, ni vya kuazima. Hoja hiyo ilienea sana katika maandishi ya enzi za ukoloni, na bado naisikia darasani kutoka kwa wanafunzi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza. Nitajaribu kuonyesha kwamba asili ya neno na asili ya kitu ni mambo mawili, na kwamba ushahidi wa hayo umo katika bilauri moja ya sharubati.

2. Upepo wa kaskazi

Majira ya joto kali katika pwani yetu ni yale ya kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Upepo huohuo ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, kabla ya kusi kuvuma na kuyarejesha. Kwa hiyo, msimu wa kiu ulikuwa pia msimu wa wageni, na mwenyeji aliyepokea wageni wakati wa jua kali ilimpasa awe na cha kuwanywesha.

Je, alikuwa na matunda gani? Ibn Battuta alizuru pwani hii mwaka 1331. Katika simulizi ya safari zake, iliyoandikwa na kukamilika mwaka 1355, anaeleza kwamba Mogadishu aliandaliwa maembe mabichi na malimau yaliyotiwa achari, na kwamba Mombasa ilikuwa na migomba pamoja na miti ya jamii ya milimau. Anataja pia tunda la Mombasa aitwalo kwa jina la Kihindi, jamuni, na hapa mwanaisimu hana budi kuwa mwangalifu. Ibn Battuta aliisimulia safari yake baada ya kuishi India miaka mingi. Jina alitumialo laweza kuwa ni lile alilojifunza huko, wala si lazima liwe ndilo walilolitumia watu wa Mombasa.

Ushahidi wa pili ni wa Wareno wenyewe. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi Aprili mwaka 1498, mtawala wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Miaka michache baadaye Duarte Barbosa aliisifu Mombasa kwa machungwa yake, matamu na machachu, na kwa malimau na makomamanga. Basi, kabla Mreno hajajenga ngome wala kufungua duka, chachu na tamu ya sharubati vilikuwapo tayari katika bustani za pwani.

3. Majina ya matunda na safari zake

Tukiweka ushahidi huo kando ya msamiati, tunaona kwamba majina ya matunda hayana historia moja. Nitayagawa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la majina yaliyokuja pamoja na vitu vyake. Mfano ni *nanasi*. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Haukuweza kufika kwetu kabla ya Wazungu kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Jina letu linahusishwa na neno la Kireno *ananás*, ambalo nalo lina mizizi katika lugha za wenyeji wa Brazil. Hapa neno na kitu vinashuhudiana. Vivyo hivyo *pasheni*, tunda jingine la Amerika ya Kusini, lililotufikia kwa jina la Kiingereza.

Kundi la pili ni la majina mageni ya vitu vilivyokuwapo. Wanaleksikografia wengi hulihusisha neno *limau* na *limão* la Kireno. Lakini tumekwishaona kwamba malimau yalikuwapo Mombasa mwaka 1331, na da Gama aliyapokea kama zawadi. Mtu akisema kwamba limau ni la Wareno kwa kuwa neno ni la Kireno, atakuwa amempa mgeni zawadi aliyoikuta mezani kwa mwenyeji. Isitoshe, tunalo neno *ndimu*, ambalo laelekea kuwa kongwe zaidi. Umbo lake laelezeka vizuri tukichukulia kwamba neno la Kiasia mfano wa *limu* liliingizwa katika ngeli yenye kiambishi cha nazali, na sauti *l* ikageuka *d* kwa kanuni ileile inayotupatia *ndimi* kutokana na *ulimi*. Neno liliingia kama mgeni, likatii sheria za nyumba. Linganisha na *chungwa*: Waarabu wengi huliita tunda hilo *burtuqal*, yaani kwa jina la Ureno, ilhali Waswahili, ambao waliishi karibu na ngome za Wareno kwa takriban karne mbili, hawakulichukua jina hilo.

Kundi la tatu ni la majina yaliyobadili kitu kinachotajwa. *Pera* huhusishwa na neno la Kireno la tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi. Sisi tukalipa tunda la Amerika linalostawi katika joto letu. *Stafeli* nalo lalingana na *sitaphal* la lugha za India, lakini huko ni jina la tunda tuliitalo topetope. Msemaji hakupokea jina na maana yake kama kifurushi kilichofungwa. Alilichukua jina akalipeleka alikolihitaji.

Kundi la nne ndilo linalofunza zaidi. Mkwaju ni mti wenye asili ya Afrika. Hata hivyo, Waarabu waliuita tunda lake *tamr hindi*, yaani tende ya India, kwa kuwa kwao lilikuja kwa njia ya biashara ya India. Jina hilo likapita katika lugha za Ulaya, na mwaka 1753 Linnaeus akalithibitisha kwa jina la kisayansi *Tamarindus indica*. Kwa hiyo jina linalotumiwa na wanasayansi wa dunia nzima linautaja mti wa Afrika kana kwamba ni wa India. Laiti tungefuata hoja ya kwamba neno ndilo asili ya kitu, tungalazimika kuukana mkwaju uotao nyuma ya nyumba zetu. Kiswahili chenyewe hakikuhitaji jina hilo refu: kilikuwa na *mkwaju* na *ukwaju*, kama kilivyokuwa na *mbuyu* na *ubuyu*.

Tuongeze hoja ya sarufi. Matunda haya yote, yawe ya Amerika, Asia au Afrika, yameingia katika utaratibu mmoja wa Kibantu: nanasi na mnanasi, pera na mpera, limau na mlimau, embe na mwembe. Hakuna tunda lililoruhusiwa kuja bila kupandiwa mti katika ngeli ya M-/Mi-.

4. Vitenzi vya jikoni

Mpaka hapa nimezungumzia nomino. Sasa tutengeneze sharubati yenyewe, kwa watu kama sita. Chukua maembe mawili makubwa yaliyoiva, dodo au boribo, nusu ya nanasi, pasheni nne na ndimu mbili. *Menya* maembe na nanasi, *kata* vipande, kisha *ponda* au saga pamoja na maji. Utomvu wa pasheni uongezwe mwishoni na usisagwe kwa muda mrefu, maana mbegu zikivunjika huharibu ladha na kukwaruza ulimi. *Chuja*. Tia sukari na *koroga* kabla ya kutia barafu, kwa kuwa sukari huyeyuka polepole katika maji ya baridi sana. Halafu *kamua* ndimu, ambayo hupunguza utamu uliozidi. *Onja*, kisha *nywa*. Akitaka ukwaju, mtu *huloweka* tunda katika maji ya uvuguvugu, *hufikicha* kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa, ndipo achuje.

Nimetaja vitenzi kumi vya kazi hii, na hakuna hata kimoja kilichoazimwa. *Kamua* kina mzizi mmoja na *kama*, kitenzi cha mfugaji anayekamua maziwa. *Loweka* kimetokana na *lowa* kwa unyambulishaji wa Kibantu. *Kata* na *nywa* vina ndugu zao katika lugha za Kibantu zilizo mbali sana na bahari. Si kwamba Kiswahili hakiazimi vitenzi. Tunasafiri, tunafikiri na tunasamehe kwa vitenzi vya Kiarabu. Lakini katika kazi hii ya mikono hatukuvihitaji. Blenda ilipoingia jikoni, kitenzi cha kale cha jiwe na kinu kiliipokea: twasema tunasaga.

Ushahidi bora zaidi ni *sharabu*. Kwa Kiarabu mzizi huo maana yake ni kunywa. Kiswahili kiliuchukua, lakini nafasi ya kunywa ilikuwa imekwisha kukaliwa na *nywa*. Basi *kusharabu* kukapewa kazi ya nguo, pamba na udongo: kufyonza maji. Mgeni alikaribishwa, lakini hakupewa kiti cha mwenyeji.

5. Sharubati, barafu na juisi

Kutokana na mzizi huohuo tumepata *sharubati*, ambalo limeongezewa irabu ili kuvunja mfuatano wa konsonanti na kufunga neno. Neno hili lina ndugu wengi: *sherbet* la Kiingereza na *sorbetto* la Kiitaliano yametokana na mzizi huo, kama ambavyo majina ya sukari katika lugha nyingi za Ulaya yana chimbuko moja na letu, kupitia Kiarabu na Kiajemi hadi Kisanskriti. Sijawahi kusikia ikidaiwa kwamba Mwitalia hana utamaduni wake kwa sababu ya neno hilo.

*Barafu* ni neno lenye asili ya Kiajemi, ambalo huko lilimaanisha theluji. Kabla ya barafu, maji yalipozwa katika mtungi wa udongo: hupenya katika vinyweleo vya mtungi, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro, aliyemwongoza alimwambia tu kwamba ni *baridi*. Mtu huyo hakutumia jina la kitu. Alitaja sifa yake, na sifa hiyo ilitosha.

Mwisho limekuja *juisi*, ambalo leo limeenea kuliko sharubati katika sehemu nyingi zinazozungumza Kiswahili. Siombi lifukuzwe. Lakini mtafiti wa karne zijazo akikuta *juisi* peke yake katika kumbukumbu zetu, atasema kwamba Waswahili walifundishwa na Waingereza kukamua matunda. Atakosea kama tunavyokosea sisi kuhusu limau.

6. Hitimisho

Nomino za sharubati zilipanda majahazi na meli. Vitenzi vyake vilikuwa nyumbani vikisubiri. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya pwani yetu haieleweki bila mgeni, lakini haielezeki pia bila kumtaja mwenyeji aliyemenya, akakamua na kuchuja.

Kwenu wanafunzi nina ombi moja. Kamusi zetu zimefanya kazi kubwa, lakini msamiati wa jikoni haujakusanywa vya kutosha, hasa majina ya aina za matunda, ya viwango vya kuiva na ya kazi ndogondogo za vidole. Mrudipo likizo, kaeni na mama na bibi zenu wakati wanatengeneza sharubati, muulize na muandike. Msiishie kwenye majina ya vitu. Andikeni pia wanachokifanya kwa mikono yao.