Kabla Ofisi Yenu Inunue Mashine ya Kahawa

Wasee, leo sio siasa na sio muziki. Leo ni mashine ya kahawa. Najua. Kaeni tu hapo.

Mwaka jana nilikuwa kwa ofisi moja hapa Nairobi, mkataba wa miezi sita, kazi ya kuwashughulikia kurasa zao za mtandaoni. Watu 15, ghorofa ya nne. Nilikuwa mdogo kuliko wote na ni mimi pekee sikuwa na digrii (nilitoka campo mwaka wa pili, karo ilikataa, hiyo tutaongea siku ingine), kwa hivyo kazi yoyote haina mwenyewe ilikuwa yangu. Siku moja bosi akaniita. "Kijana, tutafutie mashine ya kahawa. Wageni wanakuja hapa tunawapea chai ya thermos kama tuko matanga." Akanipa wiki mbili na akataka ripoti ya ukurasa mmoja.

Hiyo chai ya thermos ilikuwa inapikwa na mama mmoja ambaye sote tulimwita Mathe. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kila siku. Tangawizi siku za baridi. Mathe alijua nani hatumii sukari, nani amelala njaa, na nani hajalipwa na bado anajifanya ako sawa.

Mimi nikafanya chenye najua kufanya. Nikaingia kwa intaneti kutafuta bei, nikapotelea kwa historia.

Mojawapo ya mashine za mapema za kahawa ya mvuke zenye karatasi za kuzithibitisha ni ya Angelo Moriondo, mtu wa Turin, Italia. Alikuwa na hoteli na baa, wateja wengi, na kila mtu ana haraka. Mwaka 1884 akachukua hataza, ile karatasi ya kusema uvumbuzi huu ni wangu, na kwa jina la hiyo hataza akaandika kwamba ni mtambo wa mvuke wa kutengeneza kahawa kwa gharama ndogo na papo hapo. Rudia hayo maneno: gharama ndogo, papo hapo. Hakuna mahali ameandika tamu.

Baadaye Luigi Bezzera wa Milan akaiboresha mwaka 1901, ikawa inatoa kikombe kimoja kimoja mbele ya mteja. Desiderio Pavoni akanunua haki zake na kufikia 1905 akaanza kuziunda za kuuza. Lile povu la rangi ya dhahabu ambalo watu hupiga picha Instagram lilingoja mpaka Achille Gaggia, miaka ya 1940, alipotumia mkono wa chuma kusukuma maji kwa nguvu badala ya kutegemea mvuke. Hiyo yote ni Italia na hiyo yote ni baa. Ofisini bado.

Story ya ofisini na kiwandani ndiyo ilinishika, na inaanzia Denver, Marekani. Kulikuwa na kampuni ndogo ya kufuma tai, Los Wigwam Weavers. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, vijana wake wakaenda kwa kazi za vita. Mwenye kampuni, Phil Greinetz, akajaribu wanaume wazee, mikono yao ikashindwa na zile tai za maua madogo madogo. Akaajiri akina mama wa makamo. Hao mikono walikuwa nayo, lakini kabla siku iishe wamechoka kabisa. Greinetz akaitisha mkutano, na ni wafanyakazi wenyewe waliomwambia dawa: tupe mapumziko mawili, dakika 15 asubuhi na 15 mchana, na utuwekee kahawa na chai.

Akawawekea. Kazi ikapanda. Greinetz akafurahi hadi akafanya mapumziko yawe lazima kwa kila mtu. Halafu, manze, akakataa kuyalipia. Akasema hizo dakika 30 ni wakati wao, sio wake.

Idara ya Kazi ya Marekani ikampeleka kortini. Korti ikaangalia hesabu zake mwenyewe: kama kazi inapanda kwa sababu ya kahawa, basi hiyo kahawa inamfaidi nani? Mwaka 1956 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba hizo dakika ni za kazi na zilipwe. Mpaka leo, kwa sheria ya Marekani, mapumziko mafupi yasiyozidi dakika 20 huhesabiwa kuwa saa za kazi. Kumbe mama mwenye kikombe mkononi alikuwa kazini wakati wote.

Na usidhani jina "mapumziko ya kahawa" lilienea lenyewe tu. Mwaka 1952 shirika lililoitwa Pan-American Coffee Bureau, likilipiwa na nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati zinazouza kahawa, lilimwaga matangazo Marekani kuwaambia watu wajipatie hayo mapumziko. Walikuwa wanafanya kazi yetu kabla yetu.

Baada ya hapo kila ofisi kule ikawa na birika la kioo juu ya sahani moto, na kila ofisi ikawa na ugomvi ule ule: nani amemaliza na hajapika ingine? Mwaka 1991 kule Cambridge, Uingereza, watu wa maabara ya kompyuta walichoka kupanda ngazi na kupata birika tupu, wakalielekezea kamera ndio waliangalie wakiwa kwa meza zao. Mwaka 1993 wakaiweka kwa wavuti na dunia nzima ikawa inatazama birika. Wewe unayefanya laivu leo, babu yako ni hilo birika. Walizima kamera mwaka 2001 na likauzwa mnadani kwa pauni 3,350, kwa gazeti la mtandaoni la Ujerumani. Lilikuwa hata halifanyi kazi vizuri.

Birika lililoungua ndilo lilimsumbua pia John Sylvan wa Massachusetts. Yeye na mwenzake Peter Dragone wakaanzisha Keurig miaka ya mapema ya 1990: kikopo kimoja cha plastiki, kikombe kimoja, hakuna kungojana, hakuna kupikiana. Mashine zao zikaingia maofisini 1998. Sylvan alikuwa ameshauza hisa zake mwaka mmoja mbele, kwa dola 50,000 tu, na mwaka 2015 akaambia jarida la The Atlantic kwamba wakati mwingine anajuta kuunda hiyo kitu, kwa sababu ya takataka. Nespresso nayo, ile ya kapsuli za alumini, ilianza kuuzwa 1986 ikilenga maofisi. Huko haikufanya vizuri. Ilikuja kupata pesa ilipogeukia watu wenye nazo, nyumbani kwao.

Nikiwa hapo katikati ya kapsuli, nikampigia shosho yangu. Shosho ako Kirinyaga na ana mibuni karibu 200. Nikamwambia, "Shosho, wamenituma nitafute mashine ya kahawa." Akauliza, "Ya kumenya?" Nikamwambia hapana, ya kunywa. Akanyamaza kidogo. "Watu wa huko hawana majani chai?"

Shosho amechuma kahawa tangu akiwa msichana na sijawahi kumwona akiinywa. Na si yeye tu. Kenya huuza nje zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yake. Sisi tunabaki na chai, na ile ya mkebe ya kukoroga na kijiko, ambayo pia ina historia yake: Nestlé walitoa Nescafé mwaka 1938 baada ya Brazil kubaki na buni nyingi isiyo na mnunuzi.

Wengine hupenda kusema Wakenya hatuna utamaduni wa kahawa. Kwanza waende Mombasa. Mzee wa kahawa chungu, dele lake la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo vya kugonganisha ndio ujue anapita, tangawizi ndani, kashata pembeni. Hiyo ndiyo mashine ya kahawa pekee nimeona inakufuata mpaka kazini kwako. Lakini huku bara, enyewe, kuna sababu. Wamisionari Wafaransa walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka 1893, mbegu kutoka kisiwa cha Réunion. Ilipoanza kuleta pesa, serikali ya mkoloni ikawafungia Waafrika nje. Masetla walisema ni hofu ya magonjwa, wizi na ubora kushuka. Hawakusema kwa sauti kwamba mtu mwenye kahawa yake hawezi kukuchumia yako kwa bei ya kutupa. Miaka ya 1930 ndipo majaribio madogo yaliruhusiwa, Kisii na Meru, na watu wa Kiambu, Murang'a na Nyeri wakangoja mpaka baada ya vita. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulifungua mlango vizuri. Kwa hivyo wakati akina mama wa Denver wanadai dakika zao 30 za kahawa, huku kwetu kuna watu walikuwa hata hawajakubaliwa kupanda huo mti.

Haya. Ripoti.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, mashine ya kapsuli. Yenyewe sio ghali, na hapo ndipo mtego uko. Watu 15, vikombe viwili kwa siku, siku 22 za kazi: kapsuli 660 kwa mwezi. Kwa bei niliyopewa, shilingi 70 kila moja, hiyo ni 46,200. Na kapsuli moja ina kahawa gramu tano na kitu, kwa hivyo 660 ni kama kilo tatu na nusu. Kilo moja ya kahawa nzuri ya Kenya iliyokaangwa nilikuwa naiona kwa duka kwa elfu mbili hivi. Unalipa elfu kumi na kitu zaidi kwa kila kilo, na hiyo ni bei ya kutoongea na mtu.

Ya pili, ile kubwa inasaga buni yenyewe na kumwaga. Kahawa poa sana. Lakini lazima isafishwe kila siku, mahali maziwa yanapita hasa, la sivyo wiki ya pili inanuka. Nikajiuliza ni nani kwa hii ofisi ataisafisha. Jibu lilikuwa Mathe.

Ya tatu, mashine ya chujio, ya matone. Hii teknolojia ni ya Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, ambaye mwaka 1908 alitoboa mkebe, akaweka karatasi ya kukausha wino kutoka kwa daftari la mtoto wake, na kahawa ikatoka bila machicha. Mashine ya leo ni hiyo hiyo, ina stima tu. Inapika vikombe kumi kwa mara moja, na ukiimwaga kwa thermos mara moja haiungui. Thermos tulikuwa nazo tatu. Na mtu wa kuipika tulikuwa naye.

Niliandika hiyo ya tatu kama pendekezo langu. Nataka hilo lijulikane. Lakini bosi alisoma mbele yangu, akauliza, "Na faida ya hii ya kapsuli ni gani?" na mimi, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa umebaki wiki tano, nikasema, kisha nikarudi kwa laptopu nikaiandika kabisa kwa ile ripoti: haihitaji mtu.

Maneno mawili. Ni kama ya Moriondo tu.

Mashine ililetwa, nyeusi, smati, tukaipiga picha na mimi ndio niliposti. Mwisho wa mwezi Mathe akaambiwa ofisi inapunguza gharama. Hakuna aliyepiga hesabu ya 46,200 siku hiyo, na mshahara wake haukuwa unafika hapo. Mimi hesabu nilikuwa nayo kwa simu. Nilichangia soo mbili za kumuaga, nikakula keki.

Wangu mkataba haukuongezwa pia.

Mwezi uliopita nilipita huko kuchukua hadi disk yangu. Mashine iko bado pale mapokezi, lakini kapsuli ziliachwa kununuliwa kitambo, sasa imewekewa kitabu cha wageni juu. Saa nne ilipofika, ofisi yote ikateremka ghorofa nne, lifti haifanyi kazi. Nyuma ya jengo kuna kibanda, mabati mapya, sufuria mbili kubwa, mandazi. Mmoja wao akaniambia bosi analalamika kila wiki: watu wanaenda kunywa chai, wanarudi baada ya nusu saa.

Mathe alinitambua kabla nimsalimie. Akanimiminia bila kuuliza, bila sukari, vile alikuwa anafanya. Mbao, akasema. Nikatoa soo, nikamwambia abaki na chenji, akakataa, akahesabu sarafu zote akaniwekea mkononi.

"Na ile mashine yako," akauliza, "si walisema haitaki mtu?"