Udhibiti wa betri nyuma ya mita

Udhibiti wa betri nyuma ya mita ni utaratibu wa kuamua lini betri iliyopo upande wa mteja wa umeme ichajiwe, lini itoe umeme na lini itulie. Katika uigaji wa mifumo ya nishati, yaani kuiga kwa kompyuta jinsi mfumo wa umeme unavyofanya kazi, utaratibu huo huandikwa kama kanuni au hesabu ambayo programu huifuata saa baada ya saa. Betri ileile, katika nyumba ileile, inaweza kuonekana ya faida au ya hasara kulingana na kanuni iliyochaguliwa.

Maana ya nyuma ya mita

Mita ya umeme ni mpaka kati ya kampuni ya umeme na mteja. Vifaa vilivyopo upande wa mteja, kama vile taa, pampu, paneli za sola za juu ya paa na betri ya nyumbani au ya kiwandani, huitwa vya nyuma ya mita. Betri kubwa zinazounganishwa moja kwa moja na gridi huitwa za mbele ya mita.

Betri ya mbele ya mita huuza huduma kwenye gridi au kwenye soko la umeme. Betri ya nyuma ya mita kwa kawaida hufanya kazi ya kupunguza ankara ya mteja. Kampuni ya umeme huona tu jumla inayopita kwenye mita na mara nyingi haijui betri inafanya nini ndani. Kwa hiyo anayetengeneza modeli huanza na bei anayolipa mteja.

Malengo ya udhibiti

Betri haizalishi umeme. Huhamisha umeme kutoka saa moja hadi nyingine, na sehemu yake hupotea njiani. Faida yake hutokana na tofauti kati ya saa hizo. Malengo ya kawaida ni manne:

* Kutumia sola yako mwenyewe: umeme wa ziada wa mchana huhifadhiwa na kutumika usiku badala ya kupelekwa kwenye gridi.
* Kufuata bei: kuchaji saa za bei nafuu na kutoa umeme saa za bei ya juu.
* Kupunguza kilele: kuzuia matumizi yasipite kiwango fulani, pale ambapo mteja hutozwa kwa kilele cha juu kabisa cha mwezi.
* Akiba ya dharura: kuacha sehemu ya chaji kwa ajili ya kukatika kwa umeme.

Malengo haya hugongana. Betri iliyotolewa yote jioni kwa sababu ya bei haina kitu umeme ukikatika usiku. Ndiyo maana modeli huweka kiwango cha chini cha chaji, kwa mfano 20%, ambacho betri haishuki katika siku za kawaida.

Jinsi modeli inavyofanya kazi

Modeli nyingi huiga mwaka mzima kwa hatua za saa moja, yaani hatua 8760. Katika kila hatua hesabu lazima ilingane: umeme wa sola, wa gridi na unaotoka kwenye betri, ukijumlishwa, uwe sawa na matumizi ya mteja, umeme unaoingia kwenye betri na unaorudishwa kwenye gridi. Kisha kiwango cha chaji husahihishwa kabla ya kwenda hatua inayofuata.

Udhibiti huwekewa mipaka. Betri ina ukubwa wake kwa kilowati-saa (kWh) na kasi yake ya juu kwa kilowati (kW). Betri ya Powerwall 2 ya kampuni ya Tesla, kwa mfano, huhifadhi 13.5 kWh na hutoa 5 kW mfululizo, hivyo haiwezi kumaliza chaji yake kwa saa moja hata bei ikiwa juu kiasi gani.

Upotevu huweka mpaka mwingine. Tuseme betri hurudisha 90% ya umeme ulioingizwa. Ikichajiwa 10 kWh kwa bei ya 20 kwa kila kWh, gharama ni 200. Itatoa 9 kWh. Bei ya jioni ikiwa 40, mteja huokoa 360, na faida ni 160. Bei ya jioni ikiwa 22, huokoa 198 tu, na amepata hasara ya 2. Kanuni ya bei inayosahau upotevu itaendelea kuchaji na kutoa kila siku kwa hasara. Uchakavu wa betri pia ni gharama, kwa sababu kila mzunguko wa kuchaji na kutoa hupunguza maisha yake.

Mbinu za udhibiti

Mbinu rahisi kuliko zote ni ratiba ya kudumu: mtumiaji huandika saa za kuchaji na za kutoa kwa kila mwezi. Inaeleweka kwa urahisi, lakini haijali kama siku ina jua au mawingu.

Mbinu ya pili ni kanuni ya papo hapo. Sola ikizidi matumizi, betri huchajiwa. Matumizi yakizidi sola, betri hutoa. Haihitaji utabiri wowote, na hutumika sana katika vifaa halisi vya nyumbani.

Mbinu ya tatu ni kufuata kiwango lengwa cha umeme wa gridi, hasa kwa kupunguza kilele. Hapa tamaa huweza kumponza mteja. Tuseme kiwanda hutumia 100 kW kwa saa 3 mfululizo na kina betri ya 20 kW na 40 kWh. Kikilenga kutovuka 80 kW, betri itaisha baada ya saa 2, mita itasoma 100 kW katika saa ya tatu, na punguzo la kilele kwa mwezi mzima litakuwa sifuri. Kikilenga 87 kW, betri itatoa 13 kW kwa saa zote 3, jumla 39 kWh, na punguzo litapatikana.

Mbinu ya nne ni kutafuta ratiba bora kwa hisabati. Kompyuta hupewa bei, matumizi, jua na mipaka ya betri, kisha hutafuta ratiba yenye gharama ndogo kuliko zote.

Tatizo la utabiri

Modeli inayotafuta ratiba bora ya mwaka mzima kwa kawaida huwa inajua tangu mwanzo matumizi na jua la kila saa ijayo. Betri halisi haijui. Matokeo yake ni kipimo cha juu kabisa cha faida inayowezekana, na mteja asiyachukulie kama ahadi. Ili kukaribia hali halisi, baadhi ya modeli huruhusu betri kuona siku moja tu mbele, au hutumia matumizi ya jana kama utabiri wa leo. Pengo kati ya matokeo hayo huonyesha thamani ya utabiri mzuri.

Urefu wa hatua nao hubadilisha jibu. Mashine ikiongeza 60 kW kwa dakika 15 na kuzimwa, wastani wa saa huonyesha ongezeko la 15 kW tu. Mita inayopima kila dakika 15 itasoma 60 kW zote.

Programu

System Advisor Model, kwa kifupi SAM, ni programu iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na maabara ya Marekani iliyokuwa ikiitwa NREL. Kwa betri za nyuma ya mita humpa mtumiaji uchaguzi wa ratiba ya mkono, kupunguza kilele, kufuata bei na mbinu nyingine. REopt, ya maabara hiyohiyo, huamua ukubwa wa betri na ratiba yake kwa pamoja. HOMER, iliyoanzia pia NREL, hujulikana zaidi kwa gridi ndogo zenye jenereta.

Sera na bei

Mabadiliko ya bei hubadilisha udhibiti bora. Katika jimbo la California, wateja wa sola walioomba kuunganishwa na kampuni tatu kubwa za umeme kuanzia tarehe 15 Aprili 2023 hulipwa umeme wanaorudisha kwa thamani inayobadilika kila saa, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni ndogo kuliko bei ya kununua. Hivyo kuhifadhi sola ya mchana kwa ajili ya jioni kumekuwa na maana kuliko awali.

Nchini Tanzania, wateja wakubwa wa TANESCO wa madaraja ya T2 na T3 hulipia kilele chao kwa kVA mbali na uniti, hivyo kupunguza kilele kuna maana kwao. Mteja wa nyumbani hatozwi kwa kufuata saa ya siku. Kwake kununua umeme usiku ili autumie jioni hakuleti faida yoyote. Betri humsaidia kutumia sola yake na kuvuka saa za kukatika kwa umeme.

Athari kwa gridi

Modeli za nchi nzima mara nyingi huchukulia kwamba betri zote zinaongozwa na mpangaji mmoja anayetaka kupunguza gharama za taifa. Mwenye betri huangalia ankara yake. Bei nafuu ikianza saa moja kwa wote, maelfu ya betri zinaweza kuanza kuchaji kwa pamoja na kuzaa kilele kipya. Modeli isiyotofautisha mambo haya mawili hukadiria kupita kiasi msaada wa betri za nyumbani kwa gridi. Njia moja ya kuziba pengo hilo ni mitambo pepe, ambapo betri nyingi za wateja huongozwa kwa pamoja kwa makubaliano na malipo, kama inavyofanyika Australia Kusini.

Tazama pia

* Betri
* Gridi ya umeme
* Nishati ya jua
* Nishati mbadala