Jeraha la Agosti: Tohara ya Wabukusu na Kupona kwa Ngozi

Wabukusu husimulia ya kwamba Mango alimwua joka Yabebe huko Mwiala, katika nchi ya Bungoma, na ya kwamba jirani zao Wabarwa, walipouona ushujaa huo, walikubali kumtahiri. Na tangu hapo kila mwaka wa shufwa, aghalabu mwezi wa Agosti, mvulana aliyekwisha kuwazungukia jamaa zake akiliza njuga za chinyimba huchukuliwa mtoni alfajiri, akapakwa tope baridi mwili mzima, akarudi uani kwa baba yake kusimama wima mbele ya kisu cha omukhebi, yaani ngariba, bila kupepesa jicho.

Wengi wasimuliapo ada hii hukomea kwenye ushujaa wa dakika ile. Mimi naona hekima iliyo kubwa zaidi imo katika majuma yanayofuata, ambapo mtahiriwa, aitwaye sasa omufulu, hukaa katika likombe, nyumba ya kutengwa, akitunzwa na kufundishwa.

Kisu kikishapita, vigandisha damu humwaga vichochezi vya ukuaji, na chembe za kinga hukusanyika kuua vijidudu. Ndiyo maana jeraha huvimba na kuwa jekundu. Mwaka 1962 Stanley Cohen wa Marekani alieleza protini aliyoipata katika tezi za mate za panya, ambayo iliwafanya watoto wa panya wafumbue macho kabla ya wakati wao. Hiyo ndiyo kichochezi cha ukuaji wa ngozi ya juu, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Matabibu walipokuja kuwapa wagonjwa wa saratani dawa zinazokizuia kipokezi cha protini hiyo, wengi walitokwa na vipele vyenye uvimbe, kwa kuwa chembe za ngozi zilizonyimwa ishara hiyo huzidi kuziita chembe za kinga. Ikawa dhahiri kwamba ngozi inayokua haingoji tu kinga imalize kazi yake, bali yenyewe huituliza. Lakini uchafu ukiingia jerahani, vijidudu huiamsha kinga upya, na utulivu huo hukawia.

Uchunguzi wa Robert Bailey na wenzake, uliofanywa Bungoma mwaka 2004 na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta madhara kwa asilimia 35 ya waliotahiriwa kienyeji na asilimia 18 ya waliotahiriwa na wahudumu wa afya. Idadi ya kwanza yatosha kukihukumu kisu kisichosafishwa. Ya pili nayo hainipi raha, kwani yaonyesha kuwa kukata vizuri si kupona.

Kupona kwataka siku za kutunzwa, nazo zimepunguzwa. Wabukusu waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi kandokando ya Kitale walihama na ada yao, lakini siku za likombe zikaanza kubanwa, kwanza na kazi ya mshahara, kisha na shule, hata leo omufulu wa Kitale au Bungoma hutunzwa kwa muda wa likizo ya Agosti, ilhali jeraha lake lahitaji majuma manne hadi sita kufunga barabara.