Mamba wa Karungu na Watu wa Reli

Nyumba za reli za Muthurwa, Nairobi, zililea vizazi vya mafundi, makarani na wachochea moto wa garimoshi, wengi wao wakitoka Nyanza. Ndugu zao waliobaki Karungu walivua samaki katika Ziwa Victoria. Hakuna aliyewaambia kwamba makorongo ya huko kwao yamefukia mamba wa jenasi ambayo sayansi haikuipa jina hadi mwaka 2022: Kinyang.

Habari yenyewe ni ndefu, na reli imo ndani yake. Njia ya reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mabonde ya ziwa yalifunguka kwa maofisa na watafiti. Karibu na 1910, ofisa wa serikali ya kikoloni, D. B. Pigott, alikusanya mifupa Karungu; wanaoandika historia ya visukuku husimulia kuwa yeye mwenyewe aliishia kuliwa na mamba. Mwanajiolojia Felix Oswald akatumwa kuendeleza kazi hiyo mwaka 1911. Kisiwa cha Maboko, katika Ghuba ya Winam, kilijulikana kwa visukuku kuanzia miaka ya 1930, kupitia Shemasi Mkuu W. E. Owen. Kuanzia hapo macho yalikuwa zaidi kwa nyani wa kale na mababu wa binadamu. Mamba aliwekwa kando, na naona hilo lilitunyima mengi.

Christopher Brochu wa Chuo Kikuu cha Iowa na wenzake ndio waliomrudia. Walitambua spishi mbili: Kinyang mabokoensis wa Maboko, mwenye miaka milioni 15, na Kinyang tchernovi wa Karungu na wa Loperot kule Turkana, mwenye miaka kama milioni 18. Jina la jenasi lilitokana na Kiturkana. Fuvu lake lilikuwa pana na nene, na urefu wa mwili ulifikia takriban mita 3.7. Cha kushangaza, jamaa yake wa karibu aliye hai ni yule mamba mdogo wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, ambaye ni nadra kupita mita 2. Huenda Kinyang naye alikaa zaidi msituni kuliko majini.

Misitu hiyo ilipungua Bonde la Ufa lilipokuwa likiumbika na nyasi zikienea. Katika miamba ya Lothagam, Turkana, yenye miaka kama milioni 7, hayumo tena; wapo mamba wa jenasi Crocodylus, ambayo ndiyo ya mamba wa Mto Nile tunaowaona leo.

Mifupa ya Kinyang imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, mwendo wa miguu kutoka Muthurwa kupitia Ngara. Walimu wa Eastlands, mnapowapeleka watoto huko, waulizieni wahifadhi habari za mamba wa Karungu na Maboko. Watoto wa watu wa reli wana haki ya kumjua.